Kahawa ya siagi badala ya chai ya asubuhi: njaa inaenda wapi?

#1 Konda Mstaafu

Wakuu salaam.

Ofisini kwetu kuna jamaa amerudi likizo na mambo mapya. Saa nne sisi tunashuka kwa mama ntilie, yeye habanduki kwenye kiti. Ukimuuliza anasema ameshamaliza nyumbani: kikombe cha kahawa nyeusi, vijiko viwili vya siagi isiyo na chumvi, kijiko cha mafuta ya nazi, vyote vimepigwa blenda mpaka povu. Sukari hakuna, maziwa hakuna, kitafunwa hakuna. Anadai hasikii njaa mpaka saa nane mchana, na mkanda wa suruali umeshahama tundu.

Nikajaribu. Ladha haitishi kama nilivyodhani, na njaa kweli haikuja. Hapo ndipo ninapogota. Nikinywa chai ya maziwa na chapati mbili saa moja asubuhi, ikifika saa nne tumbo linaimba kwaya. Nikinywa mafuta matupu, saa saba bado niko shwari. Njaa inakwenda wapi? Wataalamu watueleze mwilini kunatokea nini, na waliokaa nayo muda mrefu waseme vipimo vinasomaje. Vipimo jamani, siyo "najisikia mwepesi".

#2 Kijiti cha Moto

Mkuu umeandika kahawa ila mimi hapa naona chai tupu. Kitambi cha ofisini kiondoke kwa siagi? Nimevuta kiti, endeleeni.

#3 Sukari Guru

Naanza mimi. Ukila chapati, wanga unageuka glukosi, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linatoa insulini. Insulini inaiingiza sukari kwenye seli na wakati huohuo inauzuia mwili kuchoma mafuta yake. Baada ya saa mbili tatu sukari inashuka, kwa wengine inapita chini ya pale ilipoanzia, na ubongo unadai kingine. Ukinywa mafuta, insulini karibu haitikisiki. Mwili unaendelea pale ulipoishia usiku: unachoma mafuta, ini linayageuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo unazitumia kama nishati badala ya sukari. Ndiyo maana hakuna njaa wala ule usingizi wa saa tano.

#4 Mhasibu Hana Rafiki

Guru umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Kijiko kikubwa cha siagi ni gramu 14, takriban kalori 100. Cha mafuta ya nazi ni karibu 120. Vijiko viwili vya siagi na kimoja cha mafuta ni kalori 320 hivi, na kahawa yenyewe haijaongeza kitu. Wanaoweka viwili na viwili wanafika 440. Huyo jamaa hajafunga, amekula. Kala kwa kunywa, halafu tunakaa kikao kujiuliza kwa nini hana njaa!

#5 Sukari Guru

Chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari zina kalori nyingi kuliko hizo, na Konda anasema saa nne ana njaa. Hesabu yako inalielezaje hilo?

#6 Mhasibu Hana Rafiki

Inaeleza nusu. Nusu nyingine waje wenye fani.

#7 Sista Zamu ya Usiku

Nimekuja. Mafuta yakifika mwanzo wa utumbo mwembamba, kuta zake zinatoa homoni inayoitwa kolesistokinini, kwa kifupi CCK. Inaukamua mfuko wa nyongo, inalipunguzia tumbo kasi ya kushusha chakula, na inapeleka taarifa ya shibe kwenye ubongo. Kwa hiyo kinywaji chenye mafuta kinakaa tumboni kuliko chai ya sukari. Weka na kafeini juu yake, ambayo kwa baadhi ya watu inaziba hamu ya kula kwa muda, ndiyo huo ushwari wa Konda.

Kwenye ketoni Guru umekwenda mbio. Yeyote aliyelala bila kula anaamka na ketoni kidogo. Siagi haizipandishi kwa kiasi cha kujivunia. Yanayopandisha ni mafuta ya mnyororo wa kati, yale yanayouzwa kwenye chupa kwa jina la MCT: yananyonywa na kwenda moja kwa moja kwenye ini kwa njia ya damu, na ini linayageuza ketoni upesi. Sasa mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya loriki, ambayo mwili unaihudumia zaidi kama mafuta marefu ya kawaida. Zile fupi zenye kazi hiyo ni sehemu ndogo. Na ukipiga ugali saa nane, ketoni zote kwaheri.

#8 Bint Kizimkazi

Ahsante Sista. Samli yafaa? Siagi bei imechangamka, samli ya ng'ombe nyumbani ipo. Na tui la nazi jee?

#9 Mhasibu Hana Rafiki

Samli ni siagi iliyotolewa maji na chembe za maziwa, imebaki mafuta karibu matupu, hivyo kijiko kwa kijiko ina kalori zaidi. Inafaa, ila povu halidumu, kwa sababu zile chembe za maziwa ndizo zinazosaidia maji na mafuta kushikana. Tui lina maji mengi, utapata kitu kati ya kahawa na mchuzi.

Na tusichanganye: ile ya kopo ya kupaka mkate, ambayo nusu ya nchi inaiita siagi, ni majarini. Ni mafuta ya mimea yaliyotiwa rangi na vitamini. Siyo hii tunayozungumzia.

#10 Kijiti cha Moto

Shemeji yangu alitumia hiyohiyo ya kopo. Akamimina kahawa inayotokota kwenye blenda, akajaza mpaka shingoni, akakandamiza mfuniko kwa viganja viwili, akamwambia mtoto abonyeze. Mvuke ukatafuta pa kutokea. Mfuniko ulipiga dari, ukarudi ukapiga sufuria. Kahawa ya mafuta ikashuka kwenye pazia, kwenye kalenda, na kwenye shati la kazini lililokuwa limeshapigwa pasi limetundikwa mlangoni. Akaenda kazini na fulana ya kampeni ya uchaguzi. Kifungua kinywa siku ile kilikuwa maneno ya dada yangu.

#11 Sista Zamu ya Usiku

Kijiti umenichekesha ila wengine wasirudie. Jagi lisizidi nusu, kile kitundu cha katikati ya mfuniko kiachwe wazi, kitambaa juu yake. Kahawa yenye mafuta inang'ang'ania ngozi.

#12 Mwalimu wa Zamu

Tujue na ilikotoka. Mmarekani anaitwa Dave Asprey, mtu wa mambo ya kompyuta, mwaka 2004 alikuwa Tibet maeneo ya Mlima Kailash. Huko akapewa chai ya siagi ya yaki, akasikia nguvu. Aliporudi kwao akaweka kahawa mahali pa chai, siagi ya ng'ombe wa malishoni mahali pa yaki, akaongeza MCT, akaiandika kwenye blogu yake na kuiita Bulletproof. Baadaye ikawa kampuni ya kuuza kahawa na mafuta, kwa hiyo anayekusimulia utamu wake ana duka nyuma yake.

Kinachorukwa kwenye simulizi hiyo ni kwamba Watibeti wanatia chumvi, na mara nyingi wanainywa pamoja na tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa. Wanga upo palepale mezani. Na mnywaji anachunga mifugo kwenye baridi, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Hashindi kwenye kiti cha kuzunguka akisubiri saa ya kutoka.

#13 Mtoto wa Marsabit

Hawa Waamerika wangepita kwetu wangeokoa nauli. Sisi Waborana tuna buna. Unachukua kahawa ikiwa bado na ganda lake, unaing'ata ncha moja moja, unaikaanga na samli kwa moto wa kadiri. Inaanza kupasuka, pa, pa, na ile harufu inaita jirani kabla hujamwita. Kisha maziwa yanamwagwa humo. Mzee anabariki, watu wanatafuna zile kahawa na kunywa maziwa yenye samli inayoelea juu. Wengine wanajipaka ile samli usoni na kwenye nywele.

Lakini hakuna mtu Marsabit au Moyale atakwambia ni ya kupunguza tumbo. Ni ya wageni, ya sherehe, ya kuomba mvua na amani. Mkizungumza habari ya samli kupunguza uzito mbele ya nyanyangu atadhani mmepigwa na jua.

#14 Mhaya wa Mjini

Bukoba nasi tunatafuna. Robusta zinavunwa, zinachemshwa na majani ya kunukia, zinakaushwa, mgeni anakaribishwa nazo hata kabla ya habari. Ukitafuna mbili tatu njaa inanyamaza mpaka ndizi ziive. Mafuta hamna hata tone! Kwa hiyo Sista na CCK yake, Guru na ketoni zake, mimi nasema ni kafeini. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Mwambieni huyo jamaa wa ofisini anywe kahawa nyeusi tupu wiki moja, tuone kama atashuka kwa mama ntilie.

#15 Konda Mstaafu

Mhaya hilo la kahawa tupu nilijaribu pia. Saa nne na nusu nilikuwa mlangoni kwa mama ntilie, mikono inatetemeka. Kwa hiyo siyo kafeini peke yake, angalau kwangu.

#16 Sukari Guru

Shukrani Konda, ushahidi huo. Na niwaulize wanaoogopa siagi: Wamasai je? Maziwa, nyama, damu, miaka nenda rudi, na mioyo yao safi. Mafuta hayana kosa, kosa ni la ngano na sukari.

#17 Mwalimu wa Zamu

Guru hapo punguza kidogo. Aliyewapima Wamasai wa huku kwetu ni daktari Mmarekani, George Mann. Ripoti ya mwaka 1964 ilisema kolesteroli yao iko chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni adimu, ingawa walikula mafuta mengi ya wanyama. Hiyo ndiyo inayonukuliwa kila kona. Lakini mwaka 1972 ilitoka nyingine ya uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki. Mafuta kwenye kuta za mishipa yalikutwa, tena si haba. Kilichowasaidia ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita. Mann akaelekeza kidole kwenye kutembea. Wewe unatembea kilomita ngapi kabla ya saa sita?

#18 Sukari Guru

Natoka kitandani mpaka bodaboda 😂 Lakini hata hao wa chapati hawatembei mwalimu.

#19 Tungu Haina Sukari

Nyote mwaitazama siagi, hakuna alotazama kahawa yenyewe. Mimi niko Mombasa. Kahawa yetu yapikwa kwa dele juu ya makaa, yatokota na tangawizi na iliki, yamiminwa kwa kikombe kidogo, mashapo yabaki chini. Haichujwi kwa karatasi. Kahawa kama hiyo ina mafuta yake yenyewe, yaitwa kafestoli na kahweoli, nayo yapandisha kolesteroli mbaya. Wanorwei waligundua mambo hayo kwa utafiti wa mji wa Tromsø, ukatolewa mwaka 1983: wanywaji wa kahawa kwa wingi walikuwa na kolesteroli ya juu, na baadaye ikaonekana kosa kubwa liko kwa ile ya kuchemsha. Karatasi ya kuchujia yashika karibu yote.

Basi mtu apika kahawa ya kuchemsha, atia siagi juu, apimwa, kolesteroli imepanda, alaumu siagi peke yake. Wajuaje ni nani kati ya hao wawili?

#20 Mama Mapacha

Tungu umenigusa. Mimi nilikunywa hii kahawa kwa miezi, kila asubuhi. Uzito ulipungua kwanza, halafu ukagoma. Nilipopima damu kwa ajili ya bima, LDL, ndiyo hiyo kolesteroli mbaya, ilikuwa imevuka mstari, na kabla ya hapo sikuwahi kuwa na shida hiyo. Daktari akauliza nakula nini asubuhi, nikamweleza, akavua miwani akaniangalia. Kahawa yangu ilikuwa ya kuchemsha kweli, nachuja kwa kichujio cha chai. Niliacha siagi nikabaki na kahawa ileile, LDL ikashuka ingawa haikurudi ilipokuwa. Kwa hiyo labda wote wawili wana hatia.

#21 Sukari Guru

Pole dada. Ila swali: trigliseridi zako (mafuta yanayozunguka kwenye damu) na HDL (kolesteroli nzuri) zilisemaje? Wengi LDL inapanda lakini HDL nayo inapanda, trigliseridi zinashuka. Kuangalia namba moja tu ni kumhukumu mtu kwa kumsikia mwenzake.

#22 Mama Mapacha

HDL ilipanda kidogo, trigliseridi zilishuka. Daktari hakupiga makofi.

#23 Sista Zamu ya Usiku

Na asingepiga. Hebu tuhesabu na Mhasibu ahakiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba, yale yaliyojaa kwenye siagi na nazi, yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku. Kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa cha siagi kina kama gramu 7, cha mafuta ya nazi kama 11 au 12. Kikombe cha vijiko viwili kwa kimoja kinafika 25. Siku imeisha, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Halafu protini ya kikombe hicho ni sifuri, nyuzinyuzi sifuri. Mayai mawili ya kuchemsha yangempa mtu gramu 12 za protini.

#24 Mhasibu Hana Rafiki

Hesabu iko sawa.

#25 Fundi wa Mbauda

Wakuu samahani naingilia. Mimi nikinywa hii kitu, baada ya kama nusu saa napata maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, yanapanda mpaka bega la nyuma. Yanakaa saa nzima halafu yanaachia. Mke wangu anasema ni vidonda vya tumbo kwa sababu nakunywa kahawa tumbo likiwa tupu. Nitafune nini kabla?

#26 Kijiti cha Moto

Fundi kula kwanza, chapati haijawahi kumuumiza mtu bega.

#27 Bint Kizimkazi

Vidonda hivyo kaka. Mamangu alikuwa navyo, kahawa alikatazwa kabisa.

#28 Sista Zamu ya Usiku

Fundi usitafune kitu, nenda kapige picha ya tumbo, ile ya ultrasaundi. Maelezo yako yamekaa zaidi kwenye mfuko wa nyongo. Nilisema kule juu kwamba mafuta yanaufanya mfuko ujikamue, na kahawa nayo inachochea vilevile. Kama ndani kuna mawe, jiwe linasukumwa mlangoni na kukwama, ndiyo hayo maumivu yanayopanda begani. Siagi haikuyatengeneza asubuhi hiyo, yalikuwemo yamelala. Ukiona homa, macho ya njano au maumivu yasiyoachia, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Bint, vidonda vingi vinasababishwa na bakteria anayeitwa Helikobakta pilori, na dawa za maumivu kama diklofenaki zikitumiwa holela. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Nobel mwaka 2005 kwa kazi ya bakteria huyo. Kahawa inaweza kumsumbua mwenye kiungulia au mwenye kidonda tayari, lakini haichimbi kidonda yenyewe.

#29 Fundi wa Mbauda

Barikiwa Sista. Kesho naenda.

#30 Babu wa Dawa Mbili

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamkuzitoa. Mimi mgonjwa wa kisukari, natumia metformini na glibenklamidi. Mjukuu wangu kanishawishi na kahawa hii maana haina wanga. Saa tano nikaanza kutoka jasho, mikono inacheza, macho ukungu. Kipimo kikasoma 3.1. Nikalamba asali. Mbona mnasema sukari inatulia?

#31 Sista Zamu ya Usiku

Shikamoo babu. Pole sana. Glibenklamidi inalisukuma kongosho kutoa insulini uwe umekula wanga au hujala. Ukimeza na kunywa mafuta matupu, insulini inatoka na haina sukari mpya ya kushughulika nayo, inaishusha iliyopo. Wenye insulini ya sindano wako hatarini vivyo hivyo. Usibadili chakula cha asubuhi kabla ya kuongea na anayekuandikia dawa, yeye ndiye wa kubadili dozi. Na wanaotumia zile dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, ambazo majina yake yanaishia na "gliflozini", wasikate wanga ghafla: damu inaweza kujaa ketoni na asidi hata kipimo cha sukari kikionekana kizuri.

Guru, ukiandika mambo ya wanga na insulini, weka na hili.

#32 Sukari Guru

Marahaba ya babu nimeipokea, shikamoo babu. Hoja ya dawa sina ubishi nayo. Maelezo yangu yalikuwa ya mtu asiye na dawa.

#33 Msoma Gazeti la Jana

Nimesoma uzi wote kwenye daladala, nimepitilizwa kituo. Kuna chuo kikuu cha Bath, Uingereza, wana tafiti mbili zinazohusu mjadala huu. Ya mwaka 2014 waligawa watu wazima wembamba makundi mawili kwa wiki 6: wa kwanza wanakula asubuhi, wa pili maji tu mpaka saa sita mchana. Mwisho uzito haukutofautiana kwa maana. Tofauti ilikuwa kwamba waliokula asubuhi walijishughulisha zaidi, mwili ulitumia nguvu nyingi.

Ya mwaka 2020 inahusu kahawa. Watu waliamshwaamshwa usiku, asubuhi wakapewa kahawa nyeusi nzito, nusu saa baadaye kinywaji cha sukari. Sukari ya damu ilipanda kwa karibu asilimia 50 zaidi ya walipokinywa bila kahawa. Yaani kafeini inaufanya mwili uitike insulini kwa uvivu kwa muda. Kwa hiyo aliyekunywa kahawa ya siagi halafu akanasa kwenye andazi la mwenzake saa tatu, amejichanganyia balaa lake mwenyewe.

#34 Mhaya wa Mjini

Lakini hao walipewa sukari baada ya kahawa. Jamaa wa Konda hali kitu mpaka saa nane. Huo utafiti wa pili haumhusu.

#35 Msoma Gazeti la Jana

Unamhusu saa nane, inategemea anakula nini na kafeini imebaki kiasi gani. Kwa mtu wa kawaida nusu yake inatoka baada ya kama saa tano.

#36 Karani wa Chini

Konda nimekujua. Na huyo jamaa namjua, meza yake iko karibu na printa. Saa nane anakula pilau sahani ya kwanza, halafu anasema "ongeza ukoko". Saa kumi ana karanga kwenye droo. Naomba Mhasibu aingize na hizo kwenye vitabu.

#37 Konda Mstaafu

😂😂 Karani tafadhali, mimi jina langu la humu lisifike ofisini.

#38 Mhasibu Hana Rafiki

Pilau sahani mbili na karanga, halafu mkanda umehama tundu? Basi kuna kitu kimeondoka. Nadhani ni ile supu, chapati na soda ya saa nne. Watu wanaacha sukari vijiko vitatu kwenye chai, maandazi na soda, wanaongeza siagi, wanapungua, sifa anapewa siagi. Mtu angeacha hivyo akanywa maji ya moto, tungekuwa na uzi wa maji ya moto.

#39 Sukari Guru

Na angekuwa na njaa, angerudi kwenye chapati siku ya tatu. Siagi ndiyo iliyomwezesha kuacha. Hilo ni jambo, hata kwa hesabu zako.

#40 Bint Kizimkazi

Hapa Guru kanikonga. Ramadhani twafunga mwezi mzima na wengine twatoka na kilo zaidi, kwa sababu ya futari. Kufunga si tatizo, tatizo ni pale unapofungulia.

#41 Mtoto wa Marsabit

Swali la Sista ama Guru. Nina mashine ya kupima sukari, ya mzee. Mimi sina kisukari. Nilikunywa kahawa na samli pekee saa moja, hakuna kitu kingine. Kabla ya kunywa ilisoma 4.9, saa mbili baadaye 5.8. Sukari imetoka wapi na sikutia?

#42 Sista Zamu ya Usiku

Ini. Linahifadhi sukari yake na linatengeneza nyingine, na alfajiri homoni kama kotisoli zinalihimiza liitoe ili uamke. Kafeini inaongeza adrenalini, nayo inahimiza vilevile. Halafu mashine za nyumbani zina kuyumba kwake, 4.9 na 5.8 zinaweza kuwa karibu kuliko zinavyoonekana.

#43 Sukari Guru

Mimi naona ni kafeini kabisa. Rudia na kahawa isiyo na kafeini.

#44 Mhaya wa Mjini

Na mimi naona ni samli imechelewesha chakula cha jana usiku. Ulikula nini?

#45 Mtoto wa Marsabit

Wali na nyama ya mbuzi, saa nne usiku. Kahawa isiyo na kafeini Marsabit nitaipata wapi nyinyi watu? Kesho napima kahawa bila samli, keshokutwa samli kwa maji moto bila kahawa. Nyanya ameshaanza kuuliza mbona najidunga kidole kila saa.